Mjukuu wa Miraa

Miraa haisubiri. Ikikatwa asubuhi kule Igembe, inafungwa kwa majani ya mgomba isikauke, inapakiwa kwa pickup, na dereva anakanyaga mafuta hadi Nairobi kama mtu anayefukuzwa. Tumezoea kuzicheka hizo pickup, na kuziogopa, lakini ile haraka ina sababu ya kikemia. Kitu kinachompa mtafunaji handas kinaitwa kathinoni. Jani likianza kukauka, kathinoni inageuka kuwa kathini, ambayo ni hafifu sana. Siku mbili hivi zikipita, umebaki na vijiti.

Wanasayansi walichukua muda kulijua hilo. Kathini waliipata kwenye jani mwaka 1930, na kwa zaidi ya miaka 40 wakaamini ndiyo siri ya miraa, ingawa nguvu yake haikulingana na habari walizozisikia kwa watafunaji. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi, ndipo kathinoni ikaonekana. Yaani miaka yote hiyo walikuwa wanapima miraa iliyolala. Mzee yeyote pale Eastleigh angewaambia bure.

Huyo mzee mkumbuke, manake hadithi hii ni yake kuliko ilivyo ya wanakemia.

Sasa, kabla hata ya kathini kupatikana, mwaka 1929, mwanakemia mmoja kule Ufaransa aliyeitwa Saem de Burnaga Sanchez alitengeneza kitu kwenye maabara yake, akakiandika, akaendelea na maisha. Hakujua kwamba ni cha ukoo mmoja na kilichomo kwenye jani linalotafunwa Meru, Harar na Yemen. Asingeweza kujua, babu mwenyewe alikuwa hajagunduliwa. Kitu hicho leo tunakiita mefedroni. Kililala kwenye makaratasi zaidi ya miaka 70, hadi 2003, ambapo mtu aliyejiita Kinetic alikitengeneza upya na kueleza kwenye mtandao wa wapenzi wa kemia za kulevya jinsi kilivyomfurahisha.

Halafu kukatokea ukame. Sio wa mvua. Mwaka 2008 serikali ya Kambodia iliteketeza tani 33 za mafuta ya safroli, malighafi ya ekstasi, na vidonge vya ekstasi vikaadimika Ulaya. Kokeini iliyokuwa ikiuzwa Uingereza nayo ilikuwa imechakachuliwa mno. Vijana wa klabu wakabaki na wikendi bila mchanganyiko. Mefedroni ikaingia kwenye hiyo nafasi ikiwa halali kabisa, bei nafuu, unaagiza kwa intaneti na mtu wa posta anakuletea hadi mlangoni. Paketi iliandikwa mbolea ya mimea, si ya kutumiwa na binadamu. Biashara nzuri sana ya maua, ukiangalia mauzo.

Wacha nikuulize: wewe ni muuguzi wa zamu ya usiku London, Jumamosi, mwisho wa 2009. Analetwa kijana wa miaka 20, jasho linamtiririka, moyo unapiga mbio, hatulii, anaona watu ambao hawapo. Rafiki yake anasema ametumia "meow meow". Kwenye vitabu vyako vya mafunzo neno hilo halimo. Kipimo cha mkojo hakionyeshi kitu. Unafanya nini?

Walichofanya wengi ni kutibu walichokiona. Mtu amechangamka kupita kiasi, mpe dawa ya kumtuliza. Joto limepanda, lishushe. Madaktari David Wood na Paul Dargan wa hospitali ya Guy's and St Thomas' walikuwa kati ya wa kwanza kupima sampuli za wagonjwa kama hao na kuthibitisha kwamba kweli ni mefedroni. Kazi ya polepole, isiyo na kelele.

Kelele zilikuwa kwingine. Machi 2010 vijana wawili walikufa Scunthorpe, na magazeti yakaandika kwamba mefedroni imewaua. Tarehe 16 Aprili ikapigwa marufuku. Vipimo vilipotoka baadaye ikabainika kwamba wale wawili hawakuwa wametumia mefedroni. Sisemi mefedroni haiui. Kuna waliokufa nayo kweli. Ninachosema ni kwamba sheria iliwahi kufika kabla ya maabara. Na muuguzi wa zamu ya usiku hakusaidiwa na lolote kati ya hayo mawili, manake wiki iliyofuata dukani kulikuwa na paketi mpya, jina jipya, molekuli iliyogeuzwa mkono mmoja ili isiguswe na sheria.

Ulaya ilikuwa na mfumo wa kutoa tahadhari tangu 1997. Nchi mwanachama ikikamata kitu kigeni, inawajulisha wengine. Mwaka 2009 vilitajwa vitu vipya 24. Mwaka 2014 vikawa 101. Gawa kwa wiki: karibu viwili kila wiki. Hakuna semina inayoweza kukimbizana na hiyo kasi. Ukimfundisha mhudumu orodha ya majina Jumatatu, kufikia Krismasi ana orodha ya marehemu.

Ndani ya hayo yote, kuna kundi lililokuwa baya kuliko mefedroni. Miaka ya 1990 profesa mmoja wa Marekani, John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, alikuwa anatengeneza molekuli za kuchunguza sehemu za ubongo ambazo bangi huzigusa. Alizipa herufi za jina lake na namba: JWH-018 na ndugu zake wengi. Alizichapisha, kama msomi anavyopaswa. Mtu fulani akazisoma, akazitengeneza kwa wingi, akazinyunyizia majani makavu ya kawaida tu, akaweka kwenye paketi ya kung'aa yenye jina Spice. Desemba 2008 Wajerumani ndio waliogundua kilichokuwa kwenye hayo majani. Huffman mwenyewe, akiwa mzee, alionya hadharani kwamba anayevuta vitu hivyo anacheza kamari na uhai wake.

Watu waliiita bangi ya kutengenezwa, na hilo jina likaua. Bangi huigusa ile sehemu ya ubongo kidogo. Nyingi za hizi huigusa kwa nguvu zote. Mtu anapata kifafa, moyo unayumba, figo zinaweza kugoma, anasimama amejikunja kiunoni kama nguo kwenye kamba. Tarehe 12 Julai 2016 kule Brooklyn, New York, watu 33 walionekana wamepigwa na butwaa mtaa mmoja, siku moja. Magazeti yakaandika "mazombi". Picha kama hizo zikatoka Manchester mwaka 2017, bustani ya Piccadilly, watu wasio na makao wakipigwa picha wakiwa wamegandia hapo. Neno zombi ni tamu sana kwa kichwa cha habari. Kwa muuguzi lina kasoro moja: zombi hapimwi mapigo ya moyo.

Nenda gerezani sasa. Spice iliwafaa wafungwa wa Uingereza kwa sababu mbili. Kipimo cha mkojo cha gereza kilichokuwa kinawakamata wavuta bangi hakikuiona. Na ingeweza kulowekwa kwenye karatasi, ikaingia kama barua kutoka nyumbani. Kufikia mwisho wa 2015 mkaguzi mkuu wa magereza, Nick Hardwick, aliandika kwamba hicho ndicho kitisho kikubwa zaidi kwa usalama wa magereza. Ambulensi zilikuwa zinaitwa mara nyingi hadi wafungwa wakazibatiza jina lao, "mambulance". Mamba ni jina walilompa huyo mdudu. Askari jela, mtu ambaye mafunzo yake ni funguo na kuhesabu vichwa, akajikuta ndiye wa kwanza kupiga magoti kando ya mtu anayetetemeka sakafuni.

Hapo ndipo mafunzo yakaanza kuwa mafunzo kweli. Idara ya afya ya umma ya Uingereza iliandaa mwongozo kwa ajili ya askari jela na kuwazungusha kwenye semina. Lakini ripoti niliyoipenda zaidi ilitoka 2016 kwa shirika la User Voice, lililoanzishwa na mtu aliyewahi kufungwa na linaloajiri watu waliowahi kufungwa. Wao waliingia gerezani kuwauliza wafungwa wenyewe. Wafungwa wakawaambia kitu ambacho hakuna kipimo cha mkojo kingekisema: Spice inaua muda. Unavuta saa nane, unazinduka saa kumi na mbili, siku moja ya kifungo imekatika. Sasa mfundishe askari dalili zote za Spice, lakini kama mfungwa amefungiwa saa 22 kwa siku bila kitabu wala kazi, umemfundisha kuzoa maji huku mfereji uko wazi.

Mwongozo wa madaktari ulikuwa umetoka mwaka mmoja nyuma, Machi 2015. Mradi uliitwa NEPTUNE, ukiongozwa na Dima Abdulrahim na Owen Bowden-Jones. Bowden-Jones alikuwa amefungua kliniki ya dawa za klabu pale Chelsea and Westminster mwaka 2010, kwa sababu vijana wa mefedroni hawakujiona kabisa kwenye kliniki za heroini. Hebu fikiria: umevaa suti, una kazi ya benki, unaenda kukaa benchi moja na mtu anayengoja methadoni? Hawakwenda.

NEPTUNE walifanya jambo rahisi hadi unashangaa kwa nini halikufanywa mapema. Waliacha kukimbiza majina. Walisema, angalia kitu kinamfanya nini mtu. Kinamchangamsha, kinampunguza, kinamwonyesha ndoto, au ni hizi za jamii ya Spice. Aliyechangamshwa kupita kiasi, mtulize, mpoze. Aliyepunguzwa, usiondoe macho kwenye pumzi yake. Anayeona ndoto, mpeleke chumba kimya, zungumza naye taratibu. Wa Spice, usidanganyike na neno bangi. Na msingi wa yote: mhudumu wa dawa za kulevya tayari anajua sehemu kubwa ya kazi. Anajua kuuliza bila kuhukumu, anajua kungoja. Jina jipya la paketi lisimtoe ujasiri. Baadaye wakayageuza kuwa masomo ya mtandaoni ambayo hata mhudumu wa hosteli ya wasio na makao angeweza kuyafuata.

Mwaka jana nilipata kibarua cha kunakili rekodi za mafunzo ya siku tatu hapa Nairobi. Chuo niliacha, kwa hivyo vibarua vya kukaa na masikio yangu ndivyo vinavyolipa rent. Walikuwepo maafisa wa kliniki, wauguzi, polisi wawili, na waelimishaji rika, yaani watu waliowahi kutumia au wanaotumia bado, ambao shirika huwalipa kutembelea maskani. Mwezeshaji alikuwa na slaidi ya majina ya mtaani. Akayasoma yote. Kwenye rekodi unasikia kimya, halafu kicheko kidogo, halafu sauti ya mama mmoja wa Pwani: "Daktari, samahani, hayo ya zamani."

Muuguzi mmoja akauliza swali zuri. Nitajuaje mtu ametumia nini kama hawezi kuongea? Mwezeshaji akaanza kueleza mboni za macho. Yule mama akamngoja amalize, kwa adabu, ndipo akasema sisi hatuulizi ametumia nini. Tunauliza wenzake wamenunua kwa nani, na wote wako hivi ama ni yeye tu? Kama ni wote, mzigo ndio mbaya, tunakimbia maskani nyingine kuwaambia. Kama ni yeye tu, pengine amechanganya.

Niliirudisha hiyo sehemu mara tatu, na sio kwa sababu ya kunakili. Huo ni mfumo wa tahadhari. Ule wa Ulaya wa 1997, bila maabara na bila bajeti, unaenda kwa miguu. Mwezeshaji, kwa sifa yake, aliiacha slaidi na kumwomba aje mbele. Kisha siku ya tatu wakagawa posho, na kwenye rekodi, manake hakuna aliyekumbuka kuizima, unasikia kwamba afisa wa kliniki analipwa kiwango kimoja na mwelimishaji rika chini ya nusu yake. "Ni kulingana na cheti," mtu anasema.

Pwani yetu ina historia ndefu ya jambo hili, na ninaona ajabu kwamba tunaagiza mwongozo Ulaya kabla ya kuisoma. Malindi na Watamu, heroini ya kahawia, ile waliyoiita brown sugar, ilikuwa inavutwa kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja nyeupe. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg, aliyekaa Watamu na watumiaji kwa miaka, alieleza pamoja na wenzake katika makala ya 2005 jinsi mabadiliko hayo ya mzigo yalivyoenda sambamba na watu kuhamia sindano. Ukiwa kliniki ungeona tu ghafla majipu kwenye mikono. Ukiwa maskani ungeona kwanza unga umebadilika rangi.

Mwaka huohuo wa 2005, Sheryl McCurdy na wenzake waliandika barua fupi kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, kuhusu Dar es Salaam. Walikuwa wanazungumza na wanawake wanaojidunga, wakasikia kitu ambacho hakikuwemo kwenye dodoso. Mwanamke akishajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na pesa, ambaye anajidunga hiyo damu akiamini ina unga ndani, angalau imtoe arosto. Ilikuwa huruma, kusema kweli. Shoga yako anatetemeka, huna kitu kingine cha kumpa. Pia ilikuwa njia fupi kuliko zote ya kupeana Ukimwi. Semina zilizokuwa zinafundisha "usichangie sindano" zilikuwa zinaongea kando ya jambo. Hakuna mhudumu angejua kuliuliza kama mwanamke mmoja hangelisema kwanza.

Kliniki ya methadoni ikafunguliwa Muhimbili Februari 2011, na ya kwetu Mathari Desemba 2014, kisha Malindi na Kisauni zikafuata. Waliowatoa watu maskani hadi foleni ya methadoni walikuwa waelimishaji rika. Hapo hakuna mjadala, uliza kliniki yoyote.

Kuna mfano wa Chicago nao. Naloksoni, dawa inayomzindua mtu aliyezidisha heroini, ilipewa hataza mwaka 1961 na kuidhinishwa Marekani 1971. Kwa miaka 25 ikakaa kwenye makabati ya hospitali, wakati watu wanafia vyooni na vitandani mbele ya wenzao. Mwaka 1996 Dan Bigg na Chicago Recovery Alliance wakaanza kuwapa watumiaji wenyewe na kuwafundisha. Wakubwa walisema watu kama hao hawataweza. Waliweza. Anayekuwa chumbani mtu akikata pumzi ni mwenzake, sio daktari. Skotilandi ilikuwa nchi ya kwanza kuufanya mpango wa kitaifa, 2011.

Miraa, je? Januari 2013 kamati ya wataalamu ya Uingereza ilishauri isipigwe marufuku. Ikapigwa marufuku hata hivyo, tarehe 24 Juni 2014, na Maua ikalia. Mwaka huo ndio Ulaya ilihesabu vile vitu vipya 101. Wakafunga mlango kwa jani linalokufa kwa siku mbili, wakati mjukuu wake alikuwa amepigwa marufuku miaka minne na bado yuko kila klabu. Sisi pia si watakatifu. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku ya mogoka, mahakama ikasimamisha, Rais akasema batili, wanasiasa wakapigana wiki nzima. Kwenye zogo lote hilo nilitafuta mtu akitaja mhudumu hata mmoja wa zahanati na anachopaswa kufanya na kijana wa miaka 15 ambaye hajalala siku tatu. Sikuona.

Na sasa kuna kush. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu yake. Uvumi ulisema ina mifupa ya binadamu, polisi wakawekwa makaburini. Kwa muda mrefu ndiyo maelezo wahudumu wa Freetown waliyokuwa nayo. Hospitali yao ya akili pale Kissy, ya tangu 1820, ilipokea vijana waliovimba miguu na wenye vidonda, bila mtu kujua wanatibu nini. Februari 2025 ndipo matokeo ya vipimo yakachapishwa na Global Initiative pamoja na Clingendael. Karibu nusu ya sampuli zilikuwa na nitazini, opioidi zilizobuniwa Basel miaka ya 1950 na kuachwa kwa sababu ni kali mno. Nyingine zilikuwa na kitu cha jamii ya Spice. Paketi moja sokoni, jina moja, vitu viwili tofauti kabisa.

Aliyevuta nitazini, naloksoni inaweza kumrudisha, ingawa huenda ukahitaji kurudia. Aliyevuta ya Spice haitamsaidia, ila pia haitamdhuru. Kwa hivyo mhudumu asiye na maabara anampa, anampulizia pumzi, anangoja dakika mbili tatu akiangalia kifua. Kikianza kupanda, ameshajua kilichokuwa kwenye mzigo, na kuna mtu anapaswa kukimbia kuwaambia maskani nyingine.